Mjomba, mchango wa risasi sitatuma

Najua nimepotea. Kazi ya kubeba maboksi hapa Houston ilinibana, na siku zangu za mapumziko nimekuwa nikizimalizia kwa mzungu mmoja mwenye shamba karibu na mto Brazos, mwendo wa saa mbili kwa gari. Nikisema shamba msidhani analima. Ni pori la kuwindia tu. Watu wa mjini wanamlipa, wanakuja kupiga kulungu wa huku. Mimi narekebisha uzio, najaza mahindi kwenye mapipa ya kuvutia hao kulungu, na tangu mwaka jana nategea nguruwe pori.

Hilo la mwisho ndilo linanifanya niandike leo. Wiki iliyopita Mjomba alinipigia kutoka Mahenge. Nguruwe wamemaliza mahindi ya bondeni, mama amebakiwa na matuta machache karibu na nyumba, na wamekubaliana kila familia ichange ili msasi mwenye kibali apewe posho na risasi. Akanitania, "Wewe uko nchi ya bunduki, utatuelewa upesi."

Nimewaelewa, Mjomba. Ila mchango huo siutoi, na wala si ubahili. Nipeni nafasi nieleze nilichokiona huku.

Kwanza, nguruwe wa huku ni wageni. Walikuja na Wahispania karne ya 16, wakatoroka na wengine wakaachiwa makusudi, wakawa wa porini. Baadaye, miaka ya 1930, matajiri wakaleta Texas nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, nao wakatoroka wakachanganyika na wale wa kwanza. Leo serikali inakadiria nchi nzima ina zaidi ya milioni 6, na Texas peke yake ina zaidi ya milioni 2. Jike anaanza kuzaa kabla hajamaliza mwaka, mimba haifiki hata miezi minne, na kwa kawaida anashusha wanne mpaka sita, mara nyingine zaidi ya hapo. Wataalamu wa hapa wanasema ili idadi isiongezeke tu, inabidi uondoe karibu theluthi mbili yao kila mwaka. Hapo hujapunguza hata mmoja, umesimama pale pale!

Na si kwamba watu hawapigi. Mwaka 2011 Texas ilipitisha sheria inayokuruhusu ulipe hela upande helikopta uwapige kutoka juu. Mwaka 2017 wakaruhusu na puto la hewa ya moto (jamani, puto!). Tangu Septemba 2019, kama mwenye ardhi amekubali, huhitaji hata leseni ya uwindaji. Bunduki zimejaa, risasi zinauzwa madukani kama betri za tochi, na nguruwe bado wapo.

Nitawaambia ninavyoona mimi. Kundi la nguruwe ni mama, dada na watoto wao. Ukimpiga mmoja, waliobaki wanatawanyika, wanajifunza, wanaacha kutembea mchana, wanahamia kwa jirani. Na jirani wa bosi wangu ni mzee mmoja anayelima mahindi kweli. Msimu uliopita alipanda, na usiku ule ule wakaja. Hawakufukua ovyo. Walifuata mstari, punje baada ya punje, kama mtu anayeokota shanga. Asubuhi nilimkuta amesimama kichwani mwa shamba mikono mfukoni. Sikujua niseme nini, nikampa tu "pole" ya Kiingereza, ambayo kwa kweli haifanani na pole yetu. Akanunua mbegu akapanda upya. Wale wanaomlipa bosi wangu kwa kufyatua risasi Jumamosi, yeye hawampi hata senti.

Jambo lingine ni hela. Mnyama akishaanza kulipiwa kupigwa, wapo watakaotaka asiishe. Tennessee walifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima mwaka 1999, wakitumaini wawindaji watawapunguza. Kumbe watu wakaanza kuwabeba kwenye magari usiku na kwenda kuwaachia sehemu ambazo hawajawahi kuonekana, ili wapate pa kuwinda karibu na kwao. Mwaka 2011 jimbo likageuza sera. Kansas walishapiga marufuku uwindaji wa nguruwe tangu 2006, na Missouri wakaukataza mwaka 2016 kwenye ardhi ya idara yao ya uhifadhi. Hawakufanya hivyo kwa kuwahurumia nguruwe. Walitaka waliopewa kazi ya kutega watege kwa utulivu bila watu kuwavurugia.

Sasa mtego wenyewe. Ni zizi la duara la nyavu nzito za chuma, kimo cha mtu mfupi, upana kama nyumba ndogo. Lazima liwe duara, maana likiwa na kona wanabanana pale, wanapandana mgongoni na kuruka nje. Juu ni wazi, kulungu akiingia kwa bahati mbaya anaruka anaondoka zake. Chambo ni mahindi yaliyolowekwa mpaka yakachacha, yananuka kama kangara ya juzi. Kulungu hayapendi sana, nguruwe anayasikia kutoka mbali. Kisha unaacha geti wazi. Siku ya kwanza wanazunguka nje. Baadaye mdogo mmoja anajitosa. Unaweza kungoja wiki mbili, unawatazama kwa kamera inayotuma picha kwenye simu, mpaka kundi zima lizoee kuingia kula kama lipo kwake. Hapo ndipo unabonyeza, geti linaanguka.

Mimi mara ya kwanza sikungoja. Walikuwa kumi na tatu, nimewahesabu siku nne mfululizo. Usiku wa tano saa nane wakaingia wanne, wengine wako mlangoni wananusa, na mimi kesho yake nina zamu ya alfajiri. Nikabonyeza. Nikapata wanne. Wale tisa walisimama gizani wakiwatazama wenzao wakijigonga kwenye chuma, na mpaka leo hawajasogelea zizi lile hata liwekewe nini. Ndio hao waliokula mbegu za yule mzee, kwa sababu jike kubwa lenye sikio lililochanika nalijua. Wale tisa nawahesabia mimi.

(Kwa wale watakaouliza kuhusu kitimoto: ndiyo, tunakula. Ila unachinja umevaa glavu, kwa sababu wana ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza watu, na nyama unaipika ikaiva kabisa. Kuiuza hivi hivi huruhusiwi, lazima mnyama apelekwe hai kwa wanunuzi waliosajiliwa, na achinjwe mbele ya mkaguzi. Wanaopigwa kutoka helikopta wengi wanaachwa waoze pale pale. Hilo bado linanikera, siwezi kulizoea.)

Mwezi uliopita nilipata kundi la kumi na moja, wote. Bosi akaja na taa yake, akafurahi, halafu akaniambia niwatoe majike mawili, kwani ana wageni Novemba na wageni wanataka kupiga kitu. Shamba ni lake. Nikafungua. Lakini ndani ya gari nilikaa muda mrefu bila kuwasha injini, maana kutoka pale taa ya nyumba ya yule mzee inaonekana.

Sasa ya kwetu. Nguruwe wetu si mgeni, yupo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyetutuma tummalize. Tunachotaka ni mahindi ya mama yafike ghalani. Msasi atakaa siku mbili, atapiga mmoja au wawili, mtakula nyama, wengine watahamia bonde la pili kwa akina shangazi, na mwakani mtachanga tena. Hela hiyo hiyo ingejenga zizi moja la fito nene zilizozikwa vizuri, na geti la kuangusha kwa kamba. Mtu akae kwenye dungu ashike kamba. Watoto tulilala madunguni kuwafukuza kwa debe, mnakumbuka, kwa hiyo kukesha si kitu kigeni kwetu. Tofauti ni kwamba huyu atakesha kimya na kuwahesabu.

Waya za kunasa sizitaki, Mjomba, zinanasa chochote kinachopita, hata mbwa wa watu. Na msianze kabla ya kumwona afisa wanyamapori wa wilaya, akubali kwanza, msije mkaitwa majangili kwa kulinda shamba lenu.

Akikubali nitatuma mara mbili ya mlichoniomba. Nipigie Jumapili usiku wa huko, mimi hapa itakuwa mchana. Na atakayeshika kamba naomba awe Shangazi Mkubwa, vijana hawana subira, mimi nikiwa wa kwanza.