Kapsuli si poda ya kidonda

Masika yakishika Arusha, vidole vya miguu vilivyoshinda ndani ya mabuti ya mvua huanza kuwasha. Kuna wanaokimbilia kapsuli ya antibiotiki, wakaipasua na kumwaga unga wake kwenye mchubuko.

Ni kosa. Antibiotiki hupambana na bakteria, si fangasi, na matumizi ya kubahatisha huzidisha usugu. Muuzaji anayetoa kapsuli mbilimbili bila cheti cha daktari analaumika kuliko mteja.

Fangasi wa miguu hutibiwa kwa klotrimazoli, ya poda au krimu, juu ya ngozi iliyokaushwa vizuri, hadi wiki 4, hata muwasho ukiisha mapema. Mapunye ya watoto ni habari nyingine: poda haifiki kwenye mizizi ya nywele, hivyo daktari huandika dawa ya kumeza, kama griseofulvini.

Usaha na homa? Zahanati, siku hiyohiyo.