Simba Mwene wa Kwanza Hakurithi



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nijibu hoja iliyovuma sana bwenini muhula huu, kwamba vyeo vya watawala wa jadi, vilivyofutwa kwa sheria mwaka 1963, virudishwe kwa wenye damu yake. Bibi yangu mzaa mama ni Mkilindi, basi asidhani mtu kuwa nasema kwa wivu.

Tuitazame milima ya Usambara inayoonekana toka hapa Old Korogwe. Huko Vugha ndiko alikokaa Simba Mwene, mfalme wa Washambaa. Lakini wa kwanza wao, Mbegha, alitoka wapi? Alitoka Kilindi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Handeni. Wazee husimulia kwamba alikuwa kigego, yaani meno ya juu yalitangulia kuota, na kwa ajili hiyo ndugu zake wakamnyima urithi wa baba yake. Akaondoka na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama, akaua simba. Watu ndio waliompa jina lile. Hakulirithi! Ajabu ni kwamba uzao wa mtu huyo ndio ulioshikilia urithi kuliko wote.

Na urithi ulileta nini? Kimweri ye Nyumbai alitawala miaka mingi, enzi yake ikafika karibu na pwani. Alipofariki, yapata 1862, kiti kikamwangukia mjukuu wake Shekulwavu. Ami yake Semboja alikuwa Mazinde, kwenye njia ya misafara, na bunduki alizipata kwa wafanya biashara. Akamfukuza mjukuu, akamweka mwanawe Vugha. Vita vikaendelea miaka, na wengi waliouzwa utumwani walikuwa watoto wa wakulima, ambao hawakudai kiti chochote.

Hata Waingereza, ambao kwao mtoto wa kwanza wa kiume hurithi cheo cha baba bila kuulizwa kama ana akili, waliwaondoa wengi wa mabwana hao Bungeni mwaka 1999.

Mtasema, viongozi wa kuchaguliwa nao hukosea. Kweli. Lakini huyo baada ya miaka mitano twaweza kumnyima kura. Semboja angeondolewa kwa nini, ila kwa bunduki nyingine?

Jina la Simba Mwene litunzwe na historia yake isomwe. Ila mtoto wa kidato cha kwanza asiambiwe ampishe mwenzake bombani kwa sababu ya ukoo. Jambo hilo lipo, nami naomba viranja walitazame.