Kalamu Nyekundu Haikufika Kwetu

Mwaka wa kwanza chuoni tulifundishwa kuandika bila kuandika. Somo lilikuwa la lazima, ukumbi umejaa hadi wengine wamekalia ngazi, na mtihani ulikuwa "taja sifa tano za aya nzuri." Nikazitaja zote. Nikapata A. Aya yenyewe hakuna aliyewahi kuniomba.

Karo iliponishinda nikaacha chuo, nikaingia kazi ambayo vijana wengi Nairobi wanaijua ila hawaisemi mbele ya wazazi: kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Si kazi ya kujivunia, najua. Lakini sikiza. Insha zilikuwa zinarudi zimejaa maswali ya mwalimu wao. Nani anasema hivi? Wewe mwenyewe unaamini? Mbona umeogopa kulimaliza wazo? Usiku wa manane, nikirekebisha ndio nilipwe, nikaanza kujiuliza maswali hayo kabla sijaulizwa. Yule mwanafunzi alipata gredi. Elimu nilibaki nayo mimi.

Kwa hivyo msituambie eti vijana hawajui kufikiri sababu ya simu. Nani amewahi kusoma walichoandika, akawajibu?

Mtasema wanafunzi ni wengi, walimu wachache. Sawa. Basi futeni huo mtihani wa kutaja sifa. Muda wa kuusahihisha utumike kusoma ukurasa mmoja tu wa kila mwanafunzi, nao urudi na swali, hata moja. Kuandika hakufundishwi kwa kunakili ubaoni. Hufundishwa na mtu aliyekusoma, akakataa kukubali upesi.