Misisi: merkiri haiunguzwe tena jikoni

Dhahabu iliyoshikwa na merkiri bado inaunguzwa wazi juu ya makala huko Misisi, teritwari ya Fizi, karibu na chungu cha familia iliyokimbia vita. Hiyo ni aibu. Merkiri inageuka mvuke kwa digri 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064. Kwa hiyo chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, kinarudisha karibu merkiri yote, na mtoto haivuti. Eti chombo ni bei kali! Na merkiri inayopotea hewani, nani anailipa? Kule Benguet, Ufilipino, kuna wachimbaji walioiacha zaidi ya miaka 30: wanaosha mchanga vizuri, wanatia boraksi, uchafu unayeyuka na kuachana na dhahabu. Boraksi ni unga uleule wa masonara.