Nyumba Ndogo na Akili ya Chombo

Mtaa wa Walukuba mjini Jinja ulikua katika miaka ya 1950, wakati Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilipovuta viwanda na wafanyakazi wengi. Nyumba zake nyingi ni ndogo, chumba kimoja au viwili kwa jamaa nzima. Jamaa za askari wanaujua vema ufinyu huo, kwani nyumba za kambini nazo si pana. Na siku askari anapostaafu, kiinua mgongo chake aghalabu hakitoshi kujengea jumba. Basi nyumba ndogo iliyo karibu na ziwa ijengwe vipi ili ikaliwe kwa heshima na idumu?

Mabaharia wamelijibu swali hilo tangu zamani. Jahazi hubeba watu, shehena, maji na jiko mahali padogo, huku likipigwa na upepo na mawimbi. Wenyeji wa Lamu na Unguja walijenga nyumba zao za mawe kwa boriti za mikoko, zilizosafirishwa kwa majahazi hayo hayo. Kwa kuwa boriti haikuweza kuziba nafasi kubwa, vyumba vilifanywa virefu na vyembamba, upana wa kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Katika kuta wakachonga zidaka, na vyombo vikakaa humo bila kula nafasi ya sakafu. Chumba chembamba huezekwa kwa mbao fupi, nazo ni nafuu kwa bei na hazipindi upesi.

Jambo la kwanza ni mahali. Nahodha hatii nanga penye mwamba. Ziwa Viktoria lilifurika mwaka 1964, na tena mwaka 2020, likawatoa watu wengi majumbani mwao. Sheria ya Uganda nayo inahifadhi mita 200 za ukingo wa ziwa hilo. Kiwanja cha bei ndogo ndani ya eneo hilo ni hasara iliyofichwa. Heri sehemu ya mwinuko, na msingi unyanyuliwe juu ya ardhi.

Jambo la pili ni kufunga. Mtepe wa pwani, na mitumbwi ya Sese katika ziwa hili, havikupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba. Nyumba yahitaji misumari, lakini paa lisiachiwe misumari peke yake. Waya mnene uanzie ndani ya ukuta, uzungushwe kwenye mbao za paa na kukazwa, ili dhoruba ya ziwani isiyang'oe mabati.

Jambo la tatu ni mpango wa ndani. Chomboni kila kitu kina mahali pake, na hakuna nafasi iliyo bure. Chini ya kitanda pawekwe masanduku yenye vifuniko; juu ya mlango pawe na rafu; meza iwe ya kukunjwa ukutani. Vitu vizito vikae chini, vyepesi juu. Jamaa iliyozoea mpango huo haitaabiki hata amri ya uhamisho ikija ghafla, kwani nusu ya mizigo imekwisha fungwa.

Hata hivyo, chombo kisiigwe katika kila jambo. Jahazi huzibwa chini lakini huwa wazi juu, na moto wake huwashwa kwenye sanduku la mchanga, mahali penye upepo. Chumba kidogo kilichozibwa pande zote, chenye sigiri ya makaa inayowaka, huweza kuua waliolala, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo humo haina harufu. Madirisha yawe mawili, yanayotazamana, na sigiri ilale nje.

Mwisho ni matunzo. Kila baada ya muda chombo hupandishwa pwani, pamba iliyotiwa mafuta ikapigiliwa katikati ya mbao, kazi iitwayo kalafati. Nyumba nayo ikaguliwe kabla ya mvua za Machi: nyufa zizibwe, mbao zipakwe mafuta au rangi, mifereji izibuliwe. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa baba, mama na watoto wakubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye kuishi kwa pensheni hana fedha za kujengea ukuta mara mbili.