Nukta mbili zilizofungua seva: Nani anamlinda mkazi wa Usinge?

MKAZI wa Usinge, wilayani Kaliua mkoani Tabora, anapolipa ada ya Serikali kwa simu, huingiza namba ya malipo aliyopewa na kusubiri ujumbe wa uthibitisho. Hajui ombi lake limepokewa na seva ipi, wala programu gani imelisoma. Hana pia nafasi ya kuchagua nyingine.

Kwa sababu hiyo, kasoro katika programu zinazosoma anwani za intaneti haiwezi kuachwa iwe suala la wataalamu peke yao. Programu hizo hutumiwa kwa pamoja na taasisi nyingi, hivyo kosa la mstari mmoja huwafikia watu wasiowahi kusikia jina lake.

Mfano ulio wazi ni wa Apache HTTP Server, programu ya bure inayoendesha tovuti nyingi duniani. Septemba 2021, watunzaji wake walitoa toleo la 2.4.49, lililokuwa na utaratibu mpya wa kusafisha anwani kabla ya faili kutafutwa.

Kwa kawaida seva huwa na folda ya hadharani, ambayo kila mgeni anaruhusiwa kuisoma. Nje ya folda hiyo huwekwa faili za mipangilio na orodha za watumiaji. Katika lugha ya kompyuta, nukta mbili zikifuatiwa na mkwaju humaanisha "rudi folda moja nyuma", na seva makini huzizuia zisivuke mpaka wa folda ya hadharani.

Toleo hilo liliteleza hapo. Nukta ya pili ilipoandikwa kwa msimbo wa %2e, kizuizi hakikuitambua, lakini hatua iliyofuata iliisoma kama nukta. Mvamizi aliweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi nje ya mpaka. Pale ambapo msimamizi hakuwa ameweka amri ya kukataa yote yasiyoruhusiwa, faili zilisomeka. Pale ambapo seva iliruhusu kuendesha programu ndogo za CGI, mvamizi aliweza hata kutoa amri zake mwenyewe.

Oktoba 4, 2021 lilitolewa toleo la 2.4.50 kuziba ufa huo. Ikabainika kuwa msimbo ukifungwa mara mbili bado unapita. Siku 3 baadaye, Oktoba 7, likatolewa toleo la 2.4.51.

Historia ya ukanda huu inalo jambo linalofanana na hilo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa njiani. Novemba 1871, Henry Morton Stanley, baada ya kulipa hongo nzito katika nchi ya Uha, alitafuta kiongozi wa njia na kupita porini usiku ili kuwakwepa watawala waliosalia. Walinzi walikuwapo, ila walilinda njia waliyoizoea.

Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomwadhibu anayeingia katika mfumo bila idhini. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayomtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde. Hata hivyo, adhabu huja baada ya madhara kutokea.

Hatari kubwa zaidi iko kwa taasisi ndogo. Chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku kikimlipa fundi ajenge tovuti mara moja, bila mkataba wa matengenezo, hakitakuwa na mtu wa kuweka toleo jipya siku kasoro itakapotangazwa.

Yanayotakiwa hayahitaji fedha nyingi. Taasisi ijue inatumia programu zipi na matoleo gani. Seva ikatae kila kisichoruhusiwa waziwazi. Anwani ifumbuliwe yote kwanza, ndipo ikaguliwe kama inaishia ndani ya folda iliyokusudiwa. Na kiraka kikishawekwa, kijaribiwe upya, maana siku zile 3 za Oktoba 2021 zilionesha kuwa kiraka chenyewe chaweza kuvuja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkazi wa Usinge hana uwezo wa kuukagua ukuta huo. Wajibu huo ni wa anayemtaka alipe na kujiandikisha kwa kupitia humo.