Mizani na Masikio

Katika karne ya 19, kabla ya reli kuingia Tabora mwaka 1912, pembe za ndovu zilizopitia Unyanyembe kwenda pwani ziliuzwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi. Merikani ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono 4 ilikuwa shuka, mikono 8 doti. Mikono ya watu haifanani, na ugomvi haukuwa na budi kutokea: mwenye nguo alipenda mkono mfupi, mnunuzi alitaka mrefu. Walakini waligombea kipimo cha haki. Uzuri wa pembe machoni mwa mwenyewe haukuongeza hata ratili moja katika mizani.

Wapenda sauti wa siku hizi, wa Tabora kama wa Tokyo, wameipoteza adabu hiyo. Mtu hununua spika iliyosifiwa kila mahali, akapigia nyimbo za Tabora Jazz mpaka majirani wakamhusudu. Kisha husikia kwamba fundi ameipima spika ya namna ile katika chumba kisicho na mwangwi, akaona besi ni haba na sauti za kati zimezidi. Kwanza hucheka. Halafu husema chumba cha fundi si sebule ya mtu. Halafu, muziki haupimwi. Mwisho, fundi hana masikio. Hoja ya chumba ina chembe ya kweli, kwani kuta hubadili besi. Zilizobaki ni hasira tupu. Fundi hakupima muziki. Alipima sanduku la mbao.

Spika ya Yamaha iitwayo NS-10 ilitoka mwaka 1978, ikaachwa kutengenezwa mwaka 2001. Ilikusudiwa majumbani, isipendwe sana. Ilipoingia studio ikawa mashuhuri duniani. Vipimo vyake havikuwa na siri: besi kidogo, sauti za kati nyingi mno. Na mafundi wengi walioisifu walining'iniza karatasi ya chooni mbele ya kipaza chake cha sauti nyembamba ili kupunguza ukali. Ulimi ulisifu, mkono ukasahihisha! Tena, ilipochunguzwa katika Chuo Kikuu cha Southampton, ilionekana kuwa sauti yake hukoma upesi bila kuburura mkia, na yamkini hiyo ndiyo iliyowafaa watu wa studio. Basi mizani ilikuwa shahidi wa mpenzi, naye alikuwa akiipiga mawe.

Ashikiliaye kwamba sikio ndilo hakimu, na akubali hukumu ya sikio peke yake. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wasikilizaji spika zile zile, mara zikionekana, mara zikiwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, spika kubwa za fahari zilipata alama nyingi, na ndogo za bei rahisi zikadharauliwa. Pazia liliposhushwa, tofauti ile ilipungua sana. Wala wasikilizaji hao hawakuwa wageni wa kazi: walikuwa waajiriwa wa kampuni itengenezayo spika. Jaribio hili halihitaji maabara. Shuka moja ya merikani yatosha kuzifunika spika mbili katika sebule yoyote ya Tabora, usiku mmoja, na mwenye nyumba akae upande wa pili pamoja na majirani zake.